Seti saba za shaba na mfupa: anza na moja

Swali la msomaji wa Nakuru: "Habari yako fundi. Dada yangu anaolewa Desemba, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta mapambo: mkufu na herini za shaba na mfupa, seti moja ya bibi harusi na sita za wapambe wake. Nimempata fundi wa Kisumu anayejifanyia kazi mwenyewe, picha zake zinavutia. Anataka shilingi 3,800 kwa seti, asilimia 60 mbele, na wiki 6 za kutengeneza. Hapa mjini nimeona zinazofanana kwa 900. Je, ananipiga? Nitajuaje kama kweli ni kazi ya mkono? Na shaba haitawachafua ngozi siku yenyewe? Dada yangu masikio humwasha akivaa herini za bei ya chini. Zimebaki wiki 11."

Dada, salamu zako nimezipokea, na hongera kwa familia. Nimefanya kazi ya shaba hapa Kisumu kwa miaka 23, kibanda changu hakiko mbali na soko la Kibuye, kwa hivyo nakujibu kama mtu anayeshika tupa, kile chuma cha kukwangulia, kila siku. Kwa ufupi: bei hiyo ni ya haki. Asilimia 60 kabla hujashika hata herini moja ni nyingi. Na usiagize seti saba kwa mkupuo. Agiza moja, ilipe yote, ivae, ndipo mzungumzie zile sita.

Bei kwanza. Seti kama hiyo ikipita kwenye meza yangu, bamba la shaba, mfupa wa ng'ombe uliokwisha kuchemshwa na kusafishwa, shanga, waya, kulabu na loki hunigharimu kama shilingi 700. Msasa, nyembe za msumeno zinazokatika kila saa, gesi ya kulehemu na umeme wa kung'arishia, weka 250. Inabaki 2,850. Kukata, kupiga tupa, kutoboa, kulehemu, kupiga msasa mara tatu nne, kung'arisha na kuunganisha huchukua saa 6 hivi. Ukigawanya ni shilingi 475 kwa saa, na humo mna kodi ya kibanda, vifaa, vipande vilivyoharibika, na muda wote wa kujibu simu za wateja ambao mwisho hawanunui. Mtu anayelipwa hivyo hajakuibia. Ukitaka kupatana naye, mwombe apunguze kidogo kwa sababu ni seti saba za mchoro mmoja. Kukata vipande vinavyofanana kwa mfululizo kwaokoa muda kweli, na fundi mwelewa atakubali. Usimwambie "mjini ni 900". Hayo maneno hutuumiza, na hayakusaidii.

Ile ya 900 mara nyingi imegongwa kwa mashine kutoka bamba jembamba, au ni chuma au zinki iliyochovywa rangi ya dhahabu. Kwa sherehe ya siku moja inaweza kumfaa mtu, sina ugomvi nayo. Ila hiyo rangi ikitoka hairudi, na shaba halisi hata ikififia namna gani unaisugua inang'aa upya.

Sasa la kazi ya mkono, na hapa nitakaa kidogo. Wanunuzi hutazama uso wa kitu, na uso hung'arishwa hata na mashine. Wewe geuza herini uangalie mgongo wake na kando zake. Bamba lililogongwa kwa mashine huwa na ukingo mmoja wa mviringo kidogo na wa upande wa pili wenye ncha ndogo inayokwaruza kidole. Lililokatwa kwa msumeno na kupigwa tupa, kingo zote mbili zinalingana, na ukiinamisha kwenye mwanga utaona mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Kisha weka herini mbili za jozi moja, moja juu ya nyingine. Za mkono zitatofautiana kwa unywele. Ukiona seti tatu pichani zina kasoro ileile mahali palepale, ujue zimetoka kwenye kalibu moja, yaani umbo la kumiminia shaba iliyoyeyuka.

Kalibu si dhambi, nisieleweke vibaya. Mafundi wengi wa jua kali huyeyusha mabomba ya maji na kufuli kuukuu, wakamimina kwenye mchanga. Ni kazi ya mkono, tena ya hatari: shaba hii ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, huhitaji zaidi ya nyuzi 900 ili iyeyuke, na kwenye joto hilo zinki iliyomo hufuka moshi mweupe ambao ukiuvuta, usiku unatetemeka kama mwenye malaria. Nawaheshimu sana. Lakini kipande cha kumimina kinatoka haraka kuliko cha kukatwa, basi bei iwe tofauti, na mteja aambiwe. Utakitambua kwa mstari mwembamba pembeni ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, na kwa vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano, hasa mgongoni.

Baada ya mgongo, nenda kwenye viungo. Mapambo mengi huharibikia kwenye viungo, na hapo ndipo fundi mvivu huokoa muda wake. Tazama vile vipete vidogo vinavyoshikanisha kipande na kipande. Chukua uzi mwembamba, jaribu kuupitisha kwenye mwanya wa kipete. Ukipita, siku moja kipande kitapitia hapohapo kianguke. Mwombe fundi alehemu vipete vyote vinavyobeba uzito kwenye mkufu. Ni kazi ya dakika 20 au 30, na akikuongeza shilingi 100 au 150 mpe kwa moyo mmoja.

Mkufu ukiwa wa shanga, uliza umetungwa kwa nini. Huku ziwani tuna mazoea ya kutumia mshipi wa kuvulia samaki kwa sababu uko kila duka. Mshipi huo hukauka kwa jua, ukawa wa kuvunjika, na shanga za mfupa zina kingo kali ndani ya tundu, kwa hivyo huukata polepole bila wewe kujua. Unachotaka ni kile kiwaya chembamba cha chuma kilichovishwa nailoni, kikafungwa kwa vishanga vya chuma vinavyobanwa kwa koleo. Tena mwambie alainishe matundu ya mfupa kabla ya kutunga.

Kuhusu mfupa wenyewe, unuse. Nasema kweli. Mfupa ukichemshwa haraka mafuta hubaki ndani, na baada ya wiki kadhaa za joto huanza kutoa harufu na mabaka ya manjano. Uache dirishani saa chache kisha uweke puani. Ile michoro myeusi mnayoipenda hufanywa kwa nta: fundi huchora kwa nta iliyoyeyuka, akachovya mfupa kwenye rangi, kisha nta ikaondolewa, na mahali ilipokuwa panabaki peupe. Pangusa kwa pamba yenye maji kidogo. Rangi ikitoka hapo, itatoka kwenye gauni jeupe la dada yako.

Na ukitazama mfupa karibu utaona vidoadoa au vistari vidogo vyeusi, ni vijitundu vilivyokuwa njia za damu. Hiyo ndiyo alama yake. Ukiletewa kitu cheupe laini kisicho na doa hata moja, chenye mistari inayopishana kama wavu kwenye sehemu iliyokatwa, kirudishe na uondoke. Pembe ya ndovu kwa sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 ni kosa hata kuwa nayo tu bila kibali, haijalishi nani alikuuzia. Nchi hii ilichoma tani 105 za pembe mwaka 2016 mbele ya ulimwengu mzima. Hakuna mkufu unaostahili kuturudisha kule.

Kuna jambo hukuuliza, nami nalitaja kwa sababu lilinifundisha kwa uchungu. Nikiwa bado kijana kwenye kazi nilimtengenezea bibi harusi mmoja wa Kakamega herini za diski za shaba, upana sentimita 4, unene milimita 1. Zilipendeza mno. Kufikia saa tisa alasiri alikuwa amezivua, masikio yamevimba, na kwenye picha za kukata keki hana herini. Nilimrudishia pesa zake, lakini picha sikuweza kumrudishia. Diski ya kipimo hicho ina karibu gramu 11 kabla ya kulabu na mapambo mengine. Ningetumia bamba la nusu milimita ingekuwa gramu 5 na kitu. Mfupa wa upana huohuo, unene milimita 2, nao ni kama gramu 5, na machoni unaonekana kitu kizito cha maana. Ndiyo sababu mafundi hupenda kuchanganya shaba na mfupa, si urembo peke yake. Mwulize fundi wako kila herini ina gramu ngapi. Mizani ndogo ya sonara au ya jikoni inatosha. Kwa mtu atakayevaa kutwa nzima mimi sivuki gramu 8 kwa sikio, na asipojua uzito wa kazi yake, aipime mkiwa bado kwenye simu.

Ngozi kuwa kijani: ndiyo, inaweza kutokea. Shaba ikikutana na jasho, chumvi na mafuta ya kupaka hutoa rangi ya kijani. Kwa watu wengi haina madhara, inatoka kwa sabuni. Siku ya harusi wajipake losheni na manukato kwanza, wasubiri vikauke, mapambo yavaliwe mwisho kabisa. Fundi pia anaweza kupaka vanishi angavu upande unaogusa ngozi. Hudumu miezi michache, kwa harusi ni zaidi ya kutosha. Zikififia baadaye, limau na chumvi kidogo hung'arisha shaba vizuri, ukisuuza na kukausha mara moja. Lakini limau lisiguse mfupa! Asidi huula mfupa, ukabaki mkavu wenye vumbi kama chaki. Tumia kitambaa kilicholowa kidogo, ukiufunika mfupa kwa kidole.

Kuwasha kwa masikio ya dada yako ni habari nyingine, msiichanganye na ukijani. Mara nyingi sababu ni nikeli iliyomo kwenye kulabu za bei ya chini chini ya ile rangi ya kuchovya. Kwa hivyo kulabu zake zisiwe za kuchovya hata kidogo. Agiza za fedha halisi zenye alama 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu, au za titani (titanium) kama atazipata. Utaongeza pesa kidogo kwa seti hiyo moja, wale wengine waulizwe tu kama kuna mwenye shida hiyo. Na beba sumaku, hata ya spika iliyokufa. Shaba na fedha havivutwi. Mnyororo ukinata kwenye sumaku, ndani ni chuma. Loki pekee ndiyo inayoweza kuvutwa kidogo kwa sababu ya springi yake, hiyo isikutie wasiwasi.

Je, kutakuwa na watoto wa kubeba maua? Ukifikiria kuwatengenezea bangili, uliza shaba imetoka wapi. Ile ya mabomba na kufuli huwa na madini ya risasi kiasi, ambayo ni sumu, ilitiwa kiwandani ili ikatike kwa urahisi. Kwa mtu mzima anayevaa kwa saa chache sina hofu kubwa, lakini mtoto hutia kila kitu mdomoni. Kwa watoto chagua shanga za kioo, uzi wa pamba, basi.

Tuje kwenye mpango wako wa wiki 11. Seti ya kwanza, ambayo itakuwa ya mmoja wa wapambe na si ya bibi harusi, ilipe shilingi 3,800 zote na mpe wiki 2. Ikifika, ivae wewe mwenyewe. Pika nayo, panda nayo matatu, ivae kanisani, itoe jasho. Baada ya wiki 2 utajua kama loki inafunguka yenyewe, kama mfupa unanuka, kama kulabu inachoma. Kisha andika yote unayotaka yarekebishwe, ndipo uagize sita zilizobaki. Hizo ni shilingi 22,800; mpe nusu, yaani 11,400, iwe arbuni au dipoziti kama wengi wetu tunavyosema, nusu nyingine akikutumia picha za kazi iliyokamilika, mbele na nyuma. Mpe wiki 5. Utabaki na wiki 2 mkononi, na utazihitaji.

Atauliza kwa nini unapunguza arbuni yake. Mweleze kwa upole kwamba vifaa vya seti sita havifiki hata robo ya bei, kwa hivyo nusu inamlinda vya kutosha, na kwamba tayari umemlipa moja kamili bila kusitasita. Mimi mteja akiniambia hivyo naona nimepata mtu anayejua anachofanya. Akikasirika, akikuharakisha, akisema nafasi inaisha leo jioni, mwache aende.

Ukiweza kusafiri, njoo. Kutoka Nakuru kupitia Kericho ni safari ya nusu siku, na saa moja kibandani kwake itakufundisha kuliko barua yangu hii yote. Usije Jumapili, Kibuye hujaa watu siku hiyo lakini mafundi wengi wako nyumbani. Usipoweza kuja, mwombe video fupi akikata au akilehemu, si picha za vitu vilivyokamilika. Picha huibwa. Meza yenye vumbi la shaba, msumeno na mikono yake mwenyewe haziibiki kirahisi. Ikidhihirika kwamba yeye hununua kwa wengine na kuuza, uchuuzi ni kazi halali pia, ila angekuambia tangu mwanzo, na maswali yangu yote ya viungo na gramu hataweza kuyajibu.

Usimtumie picha ya mchoro wa fundi mwingine ukimwambia "nataka hii hii". Mwonyeshe gauni, rangi za maua, mwambie dada yako ni mtu wa namna gani. Mtu anayejifanyia kazi mwenyewe hukupa kilicho bora akiachiwa kufikiri, na hapo ndipo shilingi 3,800 zinapozaa matunda.

Pesa zitume kwa M-Pesa, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha liwe lake au la biashara yake. Kurudisha muamala kwa kutuma ujumbe kwenda 456 ni kwa aliyekosea namba. Usiitegemee njia hiyo kama kinga ya bidhaa mbovu. Kinga yako ni maandishi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria zetu za uuzaji wa bidhaa zinataka kitu kifanane na maelezo au sampuli uliyokubaliwa, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 46 inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na mahakama ya madai madogo husikiza kesi zisizozidi shilingi milioni 1 bila kukulazimu kuwa na wakili. Natumaini hutafika huko. Ile seti ya kwanza ikae kwako mpaka zile sita zifike, ndiyo sampuli yenu.

Kila seti ifungwe kitambaa chake, maana shaba hukwaruza mfupa njiani, na mikufu iwe na kijimnyororo cha nyongeza cha sentimita 5 nyuma, kwa kuwa shingo sita hazilingani. Shingo ya dada yako ipime kwa uzi, akiwa amevaa gauni lenyewe.

Ukitaka pa kuanzia, mtumie maneno haya leo: "Fundi, kazi yako nimeipenda na bei nimeikubali. Nataka kuanza na seti moja, nitailipa yote. Bamba liwe la kukatwa, nusu milimita, kila herini isizidi gramu 8. Vipete vya mkufu vilehemiwe, shanga zitungwe kwa kiwaya, si mshipi. Naomba uniambie utaianza siku gani, na unitumie video ukiikata."